Nahodha wa Bahari na Nahodha wa Uwanja: Fikra ya Uongozi na Ushindani katika Kiswahili cha Pwani ya Kusini ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza fikra ya kiongozi wa mchezo kuhusu uongozi na ushindani kwa kulifuata neno moja, nahodha, kutoka baharini hadi uwanjani. Yanaanzia Kwale, ambako chombo cha tanga na mpira wa miguu hukutana katika ufuo mmoja, kisha yanamlinganisha nahodha wa soka wa Afrika Mashariki na kwotabeki wa mpira wa Kimarekani. Hoja ya msingi ni kwamba Kiswahili kilipompa kiongozi wa timu jina la kiongozi wa chombo, kilimpa pia kipimo cha kupimiwa. Nahodha hupimwa kwa namna anavyosoma hali na kuwafikisha wenzake. Mshindani hupimwa kwa namna anavyokubali kushindwa bila ya kuacha kushindana. Kipimo hiki kimo hatarini kupotea kadiri msamiati wa bahari unavyosahaulika na lugha ya vita inavyotawala masimulizi ya michezo.

1. Utangulizi

Maji yapwapo katika fuo za Tiwi, Diani na Msambweni, huacha nyuma yake mchanga mpana na mgumu ambao vijana huugeuza kuwa uwanja wa mpira. Vijiti viwili au jozi ya kandambili hutosha kuwa goli. Mchezo wa namna hii hauhitaji saa, kwa kuwa maji yakianza kujaa uwanja humezwa na wachezaji hutawanyika. Hatua chache kutoka hapo, ngalawa na mashua hulala ubavu zikiyangoja maji yayo hayo. Katika ufuo mmoja, basi, hukutana watu wawili wanaoitwa kwa jina moja: nahodha wa chombo na nahodha wa timu.

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hulipita jambo hili kwa haraka. Kamusi humweleza nahodha kwanza kuwa mkuu wa chombo cha majini. Maana ya mkuu wa timu ya mchezo ni upanuzi wa maana hiyo. Aghalabu upanuzi huo huelezwa darasani kuwa ni sitiari iliyokwisha kuzoeleka, na somo huishia hapo. Swali linaloulizwa na makala haya ni hili: je, soka ilipoliazima neno kutoka baharini, iliazima jina tupu, au iliazima pia fikra kuhusu anayestahili kuongoza na namna inavyompasa kushindana? Ili kulijibu, ni lazima kwanza neno lenyewe lichunguzwe.

2. Asili ya Neno na Kazi ya Mwenye Jina

Nahodha ni neno la asili ya Kiajemi, lililoundwa kwa maneno mawili yenye maana ya chombo na bwana. Liliingia Kiswahili kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, iliyotegemea pepo za msimu. Halikuingia peke yake. Msamiati wa chombo cha Waswahili ni ushahidi wa mkutano wa watu: chombo na tanga ni maneno ya Kibantu, usukani, baharia na rubani yana asili ya Kiarabu. Katika pwani ya kusini, msamiati huu umehifadhiwa na wasemaji wa Kivumba wa Wasini na Vanga na wasemaji wa Kichifundi wa Funzi na Shirazi, wakiwa jirani na Wadigo ambao nao ni wavuvi wa siku nyingi.

Ingawa asili ya jina yamtaja bwana, kazi yenyewe ilimwekea bwana huyo mipaka. Nahodha huwaamrisha mabaharia, lakini upepo hauamrishwi. Hana budi kujua lini kaskazi inaanza na lini kusi inashika nguvu. Umande unavuma saa ngapi kutoka bara na matlai inaingia saa ngapi kutoka baharini. Mlango upi katika miamba unapitika maji yakiwa mafu na upi unahitaji bamvua. Mamlaka yake hutokana na maarifa haya. Baharia humtii kwa kuwa amemwona akisoma mawingu na mkondo, na kwa kuwa chombo kikizama wote watazama pamoja.

Haifai, hata hivyo, kuipamba picha hii kupita kiasi. Vyombo vilivyobeba boriti na nazi katika karne ya kumi na tisa vilibeba pia watumwa, na manahodha walikuwamo katika biashara hiyo. Neno kuwa na heshima hakuna maana kwamba kila aliyelibeba alikuwa muungwana. Linalohifadhiwa na lugha ni kipimo cha kazi, na kipimo hicho ndicho kinachomwezesha msemaji kumlaumu nahodha mbaya.

3. Tezi na Mbele: Mahali pa Kiongozi

Kiswahili kina maneno mawili makuu kwa kiongozi wa safari, na kila moja lina mahali pake. Kiongozi ni neno la nchi kavu. Katika misafara ya biashara ya karne ya kumi na tisa alikuwapo kirangozi, mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi na kuwaonyesha njia. Bahari ina utaratibu mwingine. Usukani uko tezi, yaani nyuma ya chombo, na katika vyombo vidogo nahodha mwenyewe ndiye aushikaye. Aliyekaa tezi huwaona wenzake wote, huliona tanga, na huiona bahari iliyo mbele ya omo. Huongoza kutoka nyuma, na analoliona yeye hulitumia kwa faida ya wote.

Picha hii inamsaidia msomaji wa Kiswahili kuuelewa mchezo ambao ni mgeni kwake, mpira wa Kimarekani. Katika mchezo huo kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Karibu kila jaribio huanza kwa mpira kukabidhiwa mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye husimama nyuma ya safu ya wenzake wanaomkinga. Ana sekunde chache tu za kuitazama safu ya wapinzani, kutambua wanakusudia nini, na kuamua kama atarusha mpira, atamkabidhi mwenzake, au atakimbia nao. Kwa maneno mengine, amekaa tezi.

Mfano maarufu ni Tom Brady, aliyestaafu mwaka 2023 akiwa ametwaa ubingwa wa ligi ya Marekani mara 7. Wachezaji wapya walipochaguliwa mwaka 2000, yeye alikuwa wa 199, kwa maana kwamba vilabu vyote viliwaona wengine wengi kuwa bora kuliko yeye. Katika fainali ya Februari 2017 mjini Houston, timu yake ya New England Patriots ilikuwa nyuma kwa alama 28 kwa 3 katika robo ya tatu ya mchezo. Ilimaliza kwa ushindi wa 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Pengo la alama 25 haliwezi kuzibwa kwa pigo moja. Lilizibwa kwa jaribio baada ya jaribio, kila moja likiamuliwa kwa hali ilivyokuwa wakati huo. Nahodha anayepigwa na upepo wa mbele hufanya vivyo hivyo: hubisha. Hukiendesha chombo upande mmoja, kisha upande wa pili, na kila mara husogea kidogo kuelekea anakokwenda. Anayetaka kuikata njia moja kwa moja dhidi ya upepo hafiki.

Ulinganisho huu una kikomo. Kwotabeki huletewa maagizo na makocha kabla ya karibu kila jaribio, ilhali nahodha wa soka huachwa na wenzake kwa dakika 45 bila ya mchezo kusimamishwa kwa mashauri marefu. Kwa hali hiyo, nahodha wa soka anamkaribia zaidi nahodha wa bahari: akishang'oa nanga, maamuzi ni yake.

4. Kushinda, Kushindwa na Kushindana

Uongozi katika mchezo hautenganiki na ushindani, na hapa mofolojia ya Kiswahili ina la kusema. Mzizi -shind- huzaa kushinda, kushindwa, na kushindana. Kiambishi -an- ni cha kutendana: wapendanao hupendana, wasaidianao husaidiana, na washindanao hushindana. Kimofolojia, basi, ushindani ni tendo la watu wawili au zaidi wanaolifanya kwa pamoja. Hakuna awezaye kushindana peke yake. Mshindani wa mtu ni mshirika wake katika tendo, kwa kuwa bila yeye hata ushindi haupo.

Methali huifupisha fikra hiyo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumliwaza aliyepoteza. Ikisomwa kwa makini, hata hivyo, huonekana kuwa inatoa fasili. Inasema ni nani aitwe mshindani, na sharti inaloliweka si ushindi bali ni kuikubali hatari ya kushindwa. Anayecheza kwa sharti la kushinda tu hajaingia mashindanoni. Na ikumbukwe kwamba kukubali kushindwa si kukata tamaa. Aliyekata tamaa naye ameacha kushindana.

Fasili hii ni ngumu kutimizwa, na mifano michache ya manahodha wa Afrika Mashariki yaonyesha ugumu wake.

Tarehe 27 Juni 2019, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya na Tanzania zilikutana mjini Cairo. Manahodha walikuwa Victor Wanyama na Mbwana Samatta, wote wawili wasemaji wa Kiswahili. Tanzania ilitangulia kwa bao la Simon Msuva. Michael Olunga akasawazisha. Kabla ya mapumziko Samatta akaiweka Tanzania mbele kwa mara ya pili. Kenya haikuvunjika. Johanna Omolo alisawazisha katika kipindi cha pili, na Olunga akafunga la tatu mchezo ukikaribia mwisho. Kenya ilishinda 3 kwa 2 baada ya kuwa nyuma mara mbili.

Masimulizi ya kawaida humfuata mshindi. Kwa mintarafu ya mada hii, anayefaa kufuatwa ni nahodha aliyeshindwa. Januari 2020 Samatta alijiunga na Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City mjini London, na timu yake ikafungwa 2 kwa 1. Katika muda wa takriban miezi minane alifunga katika michezo miwili mikubwa ya maisha yake, na yote miwili aliipoteza. Akirejea nyumbani, aliendelea kuiongoza Taifa Stars. Anayempima kwa vikombe vya michezo hiyo miwili atamwona mshinde. Anayempima kwa methali atamwona mshindani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mmojawapo wa wenyeji watatu wa mashindano ya CHAN. Chini ya nahodha Abud Omar, Harambee Stars iliifunga Morocco 1 kwa 0 licha ya kucheza kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji 10. Siku chache baadaye, katika robo fainali, ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Madagascar na kutolewa kwa mikwaju ya penalti, 4 kwa 3. Ushindi wa kwanza ulipatikana katika upepo wa mbele. Kushindwa kwa pili kulikuja mbele ya mashabiki wa nyumbani. Nahodha ni mmoja katika hali zote mbili, naye huwajibika kuwafikisha wenzake pwani katika zote mbili.

5. Je, Nahodha ni Mmoja?

Methali nyingine ya bahari husema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Wapo wanaoitumia kuhalalisha kiongozi asiyeulizwa, uwanjani na hata katika siasa. Utaratibu wa chombo chenyewe hauungi mkono tafsiri hiyo. Katika vyombo vikubwa walikuwapo serahangi, msimamizi wa mabaharia, na rubani, mjuzi wa njia. Chombo kinapoingia katika mlango mwembamba wa miamba, neno la rubani ndilo husikilizwa, hata na nahodha. Methali inakataza manahodha wengi. Haikatazi wajuzi wengi.

Timu ya soka ina utaratibu unaofanana na huo. Mlinda lango huuona uwanja wote, kwa hiyo ndiye anayewapanga mabeki wakati wa kona. Mahmoud Abbas, mlinda lango mashuhuri wa Mombasa aliyepewa jina la "Kenya One", anakumbukwa kwa enzi ambayo Kenya ilitwaa kombe la CECAFA miaka mitatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Nahodha anayejua kazi yake huliacha neno la mlinda lango litawale pale linapostahili. Asiyeliacha hukipeleka chombo mwambani akiwa peke yake katika amri.

6. Lugha ya Vita na Lugha ya Uungwana

Kipimo kilichoelezwa hapa kina mshindani wake katika lugha. Kurasa za michezo za magazeti ya Kiswahili huzoea vitenzi vya mapigo: timu huchabanga, hunyuka, huponda, huadhibu na huzima. Vitenzi hivi vina uhai wake, na msomaji huvifurahia. Athari yake huja pale vinapokuwa msamiati pekee. Kitenzi ponda, kikitumiwa hivyo, hakina umbo la kutendana. Humbakisha mpondaji na mpondwa, na mshirika wa tendo hutoweka. Kijana anayelisikia neno hilo kila siku hujifunza kuwa kushindwa ni kuangamizwa, na anayeogopa kuangamizwa huwa tayari kumpiga refa au kuukimbia uwanja.

Historia ya utangazaji yaonyesha kuwa njia nyingine ilikuwapo. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliwasimulia Wakenya mpira redioni kwa miongo mingi. Mtangazaji huyo huyo ndiye aliyeendesha kipindi cha Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza mwaka 1966 na kuwahoji wasikilizaji kuhusu mwenendo wao wa kila siku. Sauti iliyopanda kwa bao ndiyo iliyouliza kuhusu adabu. Wasikilizaji hawakuona mgongano kati ya msisimko wa mchezo na swali la uungwana.

7. Yanayopotea na Yanayopatikana Kwale

Katika pwani ya kusini, mabadiliko mawili yanalihusu neno nahodha. La kwanza ni upungufu. Kutoka Shimoni na Wasini, vyombo vingi sasa huendeshwa kwa mashine, vikiwabeba watalii kwenda Hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Mashine haihitaji kubisha. Maneno kama matlai, joshi na foromali huwabaki wazee, na katika viwanja vya vijana neno kepteni husikika pale ambapo nahodha lingetosha. Kepteni ni neno halali la mkopo, kama nahodha lilivyokuwa. Tofauti ni kwamba kepteni limekuja uwanjani likiwa tupu, halikupitia tezi wala mlango wa miamba.

La pili ni faida, na huenda ndilo lenye uzito zaidi. Baharini, cheo cha nahodha kilikuwa cha wanaume. Sarufi haikuwa na kizuizi hicho: nahodha ni neno la ngeli ya A-WA, nayo haibagui mume na mke. Kizuizi kilikuwa cha jamii. Shirika la Moving the Goalposts, lililoanzishwa Kilifi mwaka 2001 na ambalo kazi yake imefika Kwale, huwatumia wasichana wenyewe kuendesha soka yao, wakiwa wachezaji, makocha na waamuzi. Msichana anayeivaa kanga ya nahodha mkononi huko Kwale amelichukua neno ambalo bahari haikumpa bibi yake. Kwa hiyo uwanja haukuazima tu. Umelipa deni kwa kulipanua neno.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neno nahodha lilibeba fikra kamili kutoka baharini hadi uwanjani: kiongozi hukaa anapoweza kuwaona wenzake, hutii hali asiyoweza kuiamrisha, humsikiliza rubani penye miamba, na huwajibika kwa wote waliomo. Yameonyesha pia kwamba umbo la kitenzi kushindana humfanya mpinzani kuwa mshirika, na kwamba methali huliweka sharti la kukubali kushindwa ndani ya fasili ya mshindani.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, wanafunzi wa vyuo vikuu watokao pwani ya kusini waukusanye msamiati wa manahodha wa Vanga, Shimoni, Wasini na Funzi wakati wenye kuutumia wangali hai, na waukusanye pamoja na maelezo ya kazi, si orodha ya maneno peke yake. Pili, walimu wa Kiswahili wanaofundisha sitiari na mnyambuliko waanzie uwanjani, ambako wanafunzi tayari wapo, kisha wawapeleke ufuoni. Mwanafunzi akishaelewa kwa nini chombo hubisha, ataelewa pia la kufanya timu yake ikiwa nyuma kwa mabao mawili na muda ungalipo.